Umaarufu haurithiwi: barua ya wazi kwa wakabidhi wa Wikipedia ya Kiswahili kuhusu makala za vyama vya ukoo

Ndugu wakabidhi, yaani wahariri mliopewa mamlaka ya kufuta na kufunga kurasa, pamoja na wahariri wote mnaosimamia makala zinazopendekezwa kufutwa,

Swali tunalowaletea ni dogo kwa sura, ila haliishi kurudi: je, chama cha ukoo kinastahili makala yake katika kamusi elezo? Linarudi kwa sababu koo ziko kila mahali, na ukoo wowote wenye katibu mwenye simu unaweza kupata makala kwa jioni moja. Mara nyingi linaamuliwa ovyo, na kwa pande zote mbili. Kuna makala zinazofutwa kwa neno moja, "si maarufu", bila mtu kufungua chanzo hata kimoja. Kuna nyingine zinazokaa miaka kwa sababu chama ni cha zamani, au kina watu maelfu, au babu yao alikuwa mtu mkubwa.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Vyama vingi vya ukoo havistahili makala ya peke yake. Vichache vinastahili, tena bila shaka yoyote. Katikati kuna kundi kubwa ambalo habari zake ni nzuri ila zimewekwa mahali pasipo pake, na hilo ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu kitufe cha kufuta hakijui kutenganisha habari na mahali ilipowekwa.

Tuanze na neno "umaarufu", maana nusu ya ugomvi inatoka humo. Kwa Kiswahili cha kawaida mtu maarufu ni mtu anayejulikana. Kwa hiyo mwanachama akiambiwa chama chake si maarufu anaona ametukaniwa wazee wake, naye anajibu kile anachodhani ameulizwa: tuna wanachama wengi, mkutano wetu mkuu hujaza ukumbi, kwetu hakuna asiyetujua. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, na hakuna hata moja linalojibu swali. Kigezo cha kamusi hakipimi kujulikana. Kinauliza kama watu wasiohusika na chama hicho wameandika juu yake kwa kirefu, katika machapisho yenye mhariri na yenye sifa ya kuhakiki habari. Chama kinachojulikana na watu milioni moja lakini hakijaandikwa na yeyote hakiwezi kuwa na makala, kwani mwandishi atatoa wapi habari isipokuwa kwa chama chenyewe? Chama chenye watu 80 kilichochunguzwa na wanahistoria wawili katika vitabu viwili kinaweza. Tunashauri basi kwamba katika maelezo ya kufuta msiandike "si maarufu". Andikeni "vyanzo huru havitoshi". Mtu akisoma hivyo anaelewa kinachokosekana, na kama kipo anaweza kwenda kukitafuta.

Jambo linalofuata ni kutenganisha ukoo na chama cha ukoo. Ukoo ni watu wanaohesabiana nasaba. Hauna katiba wala mweka hazina. Chama ni asasi: kina mwaka wa kuanzishwa, kanuni, ada, viongozi, pengine jengo, makaburi au mfuko wa kusomesha watoto. Ukoo unaweza kuwa umeandikiwa vitabu kumi, na chama chake kisiwe na hata ukurasa mmoja. Katika makala viwili hivi huchanganywa, wakati mwingine kwa makusudi, ili historia ndefu ya ukoo ikisitiri chama cha juzi.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatupa kipimo kisicho na gharama. Pitieni makala sentensi kwa sentensi mkitazama kiambishi cha kitenzi. Sentensi za "kili-" na "kina-" zinaeleza chama. Za "uli-" zinaeleza ukoo. Za "ali-" zinamweleza babu. Si ajabu kukuta makala ya aya nane ambayo aya sita ni za "alihama", "alioa", "ulienea", "uligawanyika", na katika mbili zilizobaki mna "kilianzishwa", "kilisajiliwa" na "kilifanya mkutano", basi. Ondoeni za ukoo na za babu mwone kinachosalia. Kikisalia kipande cha mistari mitatu, hiyo si makala ya chama. Ni makala ya ukoo, au ya jina la ukoo, iliyovalishwa kofia ya chama.

Tuje kwenye vyanzo, na hapa inabidi kwenda polepole. Chukulieni makala yenye tanbihi 12, idadi inayotosha kumfanya mhariri mwenye haraka aseme "ina vyanzo" na kupita. Zifungueni. Tano zinakwenda kwenye tovuti ya chama. Mbili ni kijarida chao cha wanachama. Moja ni kitabu cha nasaba kilichoandikwa na mwanachama na kuchapishwa kwa fedha za chama. Moja ni rekodi ya msajili wa vyama. Moja ni tangazo la msiba gazetini, linalosema marehemu aliwahi kuwa mweka hazina. Moja ni mahojiano na mwenyekiti. Ya mwisho ni habari ya gazeti kuhusu barabara mpya, ambamo chama kimetajwa kwa sentensi moja kwamba kilitoa kipande cha ardhi. Vyanzo huru vinavyokizungumzia chama kwa kirefu ni vingapi? Hakuna hata kimoja.

Kila chanzo kiulizwe maswali manne: nani ameandika, nani amelipia, nani amehariri, na ni mistari mingapi inayohusu chama chenyewe. Tovuti na kijarida vinaanguka kwenye swali la kwanza. Kitabu cha nasaba kinaanguka kwenye la pili, hata kikiwa na jalada gumu na kurasa 600. Hapa namba ya ISBN hutolewa kama hoja, nayo si hoja. Ni namba ya kutambulisha kitabu sokoni, na mtu anayejichapishia mwenyewe huipata vilevile. Rekodi ya msajili inathibitisha kwamba chama kipo, na kuwepo si sifa. Mahojiano ni maneno ya mwenyekiti yaliyobebwa na kalamu ya mwingine. Yatakuwa na thamani pale tu mwandishi alipoongeza uchunguzi wake. Habari ya barabara ni huru kabisa, ila inahusu barabara.

Kuna mtego mwingine ambao hata wahariri wazoefu huukanyaga. Tangazo la mkutano mkuu hutumwa kwa magazeti matano, nayo yote hulichapisha. Makala inaonekana kuwa na vyanzo vitano kutoka kwa wachapishaji watano, kumbe ni kimoja, tena cha chama chenyewe. Dalili zake ni sentensi zilezile, tarehe zinazofuatana, na habari isiyo na jina la mwandishi. Jamaa yake ni mzunguko wa nasaba: mtu anajaza mti wa ukoo kwenye WikiTree au Geni akinukuu Wikipedia, kisha mwingine anakuja kuandika Wikipedia akinukuu mti uleule. Tovuti za namna hiyo hujazwa na watumiaji wenyewe. Zinasaidia kutafuta, lakini zisiwekwe kwenye tanbihi.

Hatusemi vyanzo vya chama vitupwe. Mwaka wa kuanzishwa, madhumuni na muundo wa kamati vinaweza kutolewa humo, mradi mambo hayo hayabishaniwi na si ya kujisifu. Kosa ni kuvifanya mizani ya kuamua kama makala iwepo. Mnatumia mkono mmoja kwa kupima stahili na mwingine kwa kujaza habari, na yule anayevitetea vyanzo hivyo kwenye mjadala wa kufuta kwa kawaida anaichanganya mikono hiyo miwili.

Je, vyanzo vingapi vinatosha? Namba ya kukata haipo. Kwetu sisi, viwili vya kirefu kutoka kwa waandishi wawili wasiotegemeana ni mlango wa kuingilia mjadala, na kila kimoja lazima kishinde maswali yote manne peke yake. Vyanzo kumi dhaifu havijumlishwi vikawa kimoja imara. Utasikia mtu akisema "lakini viko vingi". Vingi vya nini?

Mifano mitatu itaonyesha mpaka unapita wapi.

Monticello Association ya Virginia, Marekani, ilianzishwa mwaka 1913 na wazao wa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, na inamiliki makaburi ya ukoo yaliyoko Monticello, shamba alilokuwa akiishi Jefferson. Kwa hayo peke yake ingepata mistari miwili ndani ya makala ya Monticello. Damu ya rais haikipi chama makala, kwa kuwa umaarufu haurithiwi, hata pale ambapo kila kitu kingine kinarithiwa. Kilichobadilisha hali ni uanachama. Mwaka 1998 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba uliounganisha ukoo wa kiume wa Jefferson na mzao wa Eston Hemings, mwana wa Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wa Jefferson. Swali la nani ahesabiwe mwanachama, na nani azikwe pale, likatoka ndani ya familia na kuwa la taifa. Mwaka 2002 wanachama walipiga kura na kukataa kuwapokea wazao wa Hemings. Waandishi wasio wa ukoo waliandika juu ya chama chenyewe, yaani kanuni zake, kura yake na makaburi yake. Ukiipima makala ya namna hiyo kwa viambishi, sentensi za "kili-" zinajaa zenyewe.

Leong San Tong Khoo Kongsi ya George Town, Penang, nchini Malaysia, ni mfano wa aina nyingine. Ni chama cha ukoo wa Khoo, wahamiaji wenye asili ya China, na jumba lake liliungua mwaka 1901, likajengwa upya na kukamilika 1906. Mji wa George Town uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, pamoja na Melaka. Wataalamu wa usanifu, wa uhamiaji na wa historia ya bandari hawawezi kuueleza mji huo bila vyama vya aina hii. Hapa chama na jengo vimeshikamana kiasi kwamba kuvitenga kunaharibu vyote viwili. Makala moja inavitosha.

Mfano wa tatu ndio unaowakilisha vyama vingi. Dedham, Massachusetts, ipo nyumba ya Fairbanks, inayohesabiwa kuwa nyumba kongwe kuliko zote za fremu ya mbao zinazosimama bado Amerika Kaskazini. Mbao zake, kwa kuhesabu pete za miti, ni za miaka ya 1637 hadi 1641. Mwenye nyumba ni chama cha ukoo wa Fairbanks. Walioandika wameandika nyumba: paa lake, viungo vyake vya mbao, umri wake. Chama kinaonekana humo kama mtunzaji. Kwa hukumu yetu mahali pake ni sehemu ndani ya makala ya nyumba, yenye aya moja au mbili nzuri, na jina la chama lielekezwe huko. Atakayelitafuta atafika.

Mtatambua kwamba katika mifano yote mitatu kilichopimwa ni maandishi ya watu wa nje. Umri haukupimwa, wala wingi wa watu, wala heshima ya babu.

Sasa kuhusu utaratibu, maana kosa la hukumu huanza na uvivu wa kutafuta. Kabla ya kubandika kigezo (bango) cha kufuta, dakika 20 za kutafuta ni deni ambalo mpendekezaji anadaiwa. Tafuta jina kamili ndani ya alama za kunukuu, na uiondoe tovuti ya chama kwenye matokeo kwa kuweka "-site:" mbele ya anwani yake. Usipofanya hivyo kurasa tano za mwanzo zitakuwa zao wenyewe. Kisha tafuta majina mengine. Chama cha ukoo wa Kichina kilichoko ng'ambo huwa na majina matatu au zaidi: la herufi za Kichina, la matamshi ya lahaja kama Hokkien au Kikantoni, na la Kiingereza lililosajiliwa. Ukoo uleule unaandikwa Khoo mahali pamoja, Qiu au Yau mahali pengine. Cha Kijerumani kitafutwe pamoja na neno Familienverband (chama cha ukoo), na cha Uskoti kwa jina la ukoo likitanguliwa na Clan. Anayetafuta kwa jina la Kiswahili peke yake, ambalo huenda lilitungwa na mwandishi wa makala siku ileile, hakika hatapata kitu, na "nimetafuta sikuona" yake haina thamani.

Magazeti ya zamani msiyasahau. Vyama vingi vya ukoo vilivuma enzi za uhamiaji, kabla ya intaneti, na habari zao zimo kwenye hazina zilizo wazi kwa kila mtu: NewspaperSG ya maktaba ya taifa ya Singapuri, Trove ya Australia, Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Google Books huonyesha walau kama chama kimetajwa kwenye kitabu na kwenye ukurasa gani. Matokeo yakipatikana, yasomwe. Jina lililotokea mara 40 katika orodha za waliochangia maafa ya mafuriko bado ni orodha.

Kiungo cha tovuti ya chama kihifadhiwe Wayback Machine, hazina ya nakala za kurasa za intaneti, siku ileile kinapotumiwa. Tovuti hizi hufa haraka, na sababu yake ni ya kawaida sana: jina la tovuti hulipiwa na mwanachama mmoja kwa kadi yake mwenyewe, na akichoka, akigombana au akifariki, mwaka haumaliziki kabla ya jina kuchukuliwa na wauza kamari. Baada ya hapo tanbihi tano za makala zinampeleka msomaji kwenye kamari.

Mkishaamua kwamba chama hakistahili makala ya peke yake, tunawaomba sana: kufuta kuwe hatua ya mwisho. Swali la kwanza liwe "habari hii nzuri inakaa wapi?" Historia ya ukoo iende kwenye makala ya ukoo au ya jina la ukoo. Jengo liende kwenye makala ya jengo au ya mji. Mwanzilishi mwenye makala yake apewe sentensi mbili kuhusu chama alichokianzisha. Kama chama ni tawi, kiingie kwenye makala ya shirikisho. Singapuri, kwa mfano, vyama vya koo za Kichina vina shirikisho lao tangu 1986.

Kuunganisha kuna ufundi wake, nao hukosewa mara kwa mara. Maandishi ya Wikipedia yako chini ya leseni ya CC BY-SA 4.0, inayodai waandishi wa mwanzo watambuliwe. Utambuzi huo umo kwenye historia ya ukurasa. Mtu akinakili aya tatu kutoka makala ya chama na kuzibandika kwenye makala ya mji, halafu mkabidhi akaifuta makala ya chama, waandishi wa aya zile wamepotea na leseni imevunjwa. Njia sahihi ni kunakili, kuandika katika muhtasari wa uhariri kwamba maandishi yametoka ukurasa fulani, kisha kuugeuza ukurasa wa zamani kuwa wa kuelekeza bila kuufuta. Historia inabaki nyuma yake. Faida nyingine ni kwamba vyanzo vikipatikana miaka mitatu baadaye, makala hurudishwa bila kumsumbua mkabidhi.

Miradi jirani nayo itumike kuliko ilivyo sasa. Wikidata, hazina ya data ya miradi ya Wikimedia, ina kizingiti cha chini: inatosha kitu kiwe kinatambulika wazi na kielezeke kwa marejeo ya kuaminika yaliyo wazi kwa umma, na huko chama kidogo chenye rekodi ya msajili kinaweza kupata nafasi. Picha za jengo ziende Wikimedia Commons, hazina ya picha na faili huru. Hapo mwambieni mpakiaji mapema kwamba kwa kawaida haki ya picha ni ya aliyeipiga, si ya aliyepigwa. Picha ya wazee wa ukoo iliyopigwa na mpiga picha wa studio haimilikiwi na ukoo kwa sababu tu imetundikwa sebuleni, na nembo iliyochorwa na msanii wa kulipwa haiwi huru mpaka haki zitolewe kwa maandishi.

Anayeandika makala hizi kwa kawaida ni mwanachama. Huyu asichukuliwe kama mhalifu. Mara nyingi ndiye pekee anayejua chanzo kizuri kimefichika maktaba gani. Lakini aongozwe tangu siku ya kwanza. Aandike kwenye ukurasa wa majaribio chini ya jina lake la mtumiaji, si moja kwa moja kwenye makala. Atamke kwenye ukurasa wake wa mtumiaji kwamba ni mwanachama. Kama analipwa, hata posho ya ukatibu ambayo ndani yake mna kazi hii, masharti ya matumizi ya Wikimedia yanamlazimu tangu 2014 kutaja anayemlipa. Akaunti iwe ya mtu mmoja. Akaunti yenye jina la chama, inayopokezanwa kila kamati inapobadilika, haina mtu wa kujibu maswali. Kisha aulizwe swali moja kabla ya yote: "Tupe vyanzo vitatu vilivyoandikwa na watu wasio wa ukoo wenu." Akivileta, mjadala unakuwa mfupi. Asipokuwa navyo, ameokolewa wiki tatu za kupamba makala itakayoondolewa.

Mnapohariri kazi yake, tazameni hasa sehemu ya "wanaukoo mashuhuri". Humo huingizwa kila mtu mwenye jina linalofanana: mchezaji mpira, waziri, mwanamuziki. Jina likiwa ni la watu milioni kadhaa duniani, kufanana hakusemi lolote. Mtu abaki kwenye orodha pale tu chanzo huru kinapomtaja yeye na chama hicho pamoja. Mara nyingi orodha ya watu 15 hubaki na mmoja, au inafutika yote. Madai ya asili nayo yaangaliwe kwa jicho hilohilo. Nasaba inayoruka kutoka mwaka 1750 hadi kwa mfalme wa karne ya 9 bila daraja katikati ni simulizi ya ukoo; inaweza kuandikwa kama simulizi, ikitanguliwa na "wanaukoo husimulia kwamba", kama kuna mtu wa nje aliyeinakili. Kama hakuna, haina pa kukaa.

Lipo suala ambalo halingoji mjadala wa siku saba wala wa siku moja, nalo ni watu walio hai. Makala za vyama vya ukoo huja na miti ya nasaba, na mti ukifika matawi ya chini unataja watoto: majina matatu, tarehe za kuzaliwa, jina la mama kabla ya kuolewa. Hizo ndizo habari zinazotumiwa na benki kumtambua mteja, na ndizo anazozitafuta mwizi wa utambulisho. Mhariri wa kawaida akiziondoa, zinabaki kwenye historia ya ukurasa na yeyote anaweza kuzifungua. Lazima mkabidhi ayafiche matoleo yote tangu lile la kwanza lenye habari hizo hadi la mwisho kabla hazijaondolewa; kuficha toleo moja la katikati hakusaidii kitu, kwa kuwa matoleo yanayofuata yamebeba maandishi yaleyale. Na ombi la kuficha lisiwekwe kwenye ukurasa wa majadiliano ulio wazi, maana huko ni kumwonyesha mwizi mlango. Mhariri amwandikie mkabidhi kwa barua pepe.

Migogoro ya uongozi tuiguse kwa ufupi. Chama kikigawanyika kambi mbili, kila kambi itakuja kubadilisha jina la mwenyekiti mara nne kwa siku. Dawa ni kuliondoa jina la mwenyekiti wa sasa kwenye kisanduku cha habari mpaka chanzo huru kilitaje, na kuufunga ukurasa kwa muda ili akaunti mpya zisiuhariri. Kamusi haina wajibu wa kujua nani mwenyekiti halali. Hiyo ni kazi ya msajili au mahakama.

Kwenye mjadala wa kufuta wenyewe, mtakutana na mafuriko. Ujumbe huzunguka kwenye kundi la simu la ukoo, na jioni akaunti 30 zilizofunguliwa siku hiyo zinaandika "ibaki". Msiwafungie wala kuwakejeli. Hawajui kwamba mjadala si kura. Mkabidhi aweke juu ya mjadala maelezo mafupi kwamba hoja ndizo zinazopimwa, na kwamba akaunti 30 zisizoleta chanzo zina uzito sawa na akaunti moja isiyoleta chanzo. Upande wa pili nao uonywe vilevile: wahariri wanne wazoefu walioandika "ifutwe, kama alivyosema mwenzangu" hawajatoa hoja nne. Mkabidhi anayefunga mjadala aandike sentensi mbili zinazotaja vyanzo vilivyopimwa na kwa nini vilipita au vilianguka. Tunajua wakabidhi ni wachache na foleni ni ndefu. Lakini mjadala uliofungwa kwa neno "imefutwa" hufunguliwa upya baada ya mwaka, na kazi yote inaanza mwanzo.

Mwisho, tunaomba maneno ya ilani inayowekwa kwenye ukurasa wa mwandishi makala yake inapopendekezwa kufutwa yabadilishwe kwa makala za aina hii. Tunapendekeza yasomeke hivi:

"Ndugu mhariri, makala yako kuhusu chama cha ukoo imewekwa kwenye mjadala. Hatuulizi kama ukoo wako una heshima au chama chako kina watu wengi. Tunaomba vyanzo viwili au zaidi vilivyoandikwa na watu wasio wanachama, visivyolipiwa na chama, vinavyokieleza chama chenyewe kwa aya kadhaa. Vitaje kwenye ukurasa wa majadiliano: jina la mwandishi, jina la chapisho, mwaka na ukurasa. Vinaweza kuwa vya lugha yoyote, na si lazima viwe kwenye intaneti. Kama havipo, tusaidie kuchagua makala nyingine ambamo habari hizi zitahamishiwa. Tafadhali ondoa sasa hivi majina na tarehe za kuzaliwa za watu walio hai, kisha mwandikie mkabidhi kwa barua pepe ili ayafiche matoleo ya zamani."

Wenu katika kazi,
Wahariri wenzenu wa makala za historia na nasaba